UZI: Neno "ndigana" limetoka wapi? Kimaasai, Kikuyu au Kizulu?

#1 Mlinzi_wa_Zizi
Wakuu salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua lugha na wanaojua mifugo, maana hili linagusa pande zote mbili.

Sote tunaofuga tunaijua ndigana. Kuna ndigana kali, ile inayoletwa na kupe, inayovimbisha tezi na kumtoa ndama povu puani. Na kuna ndigana baridi, ile inayomkausha ng'ombe mkubwa taratibu, ufizi unapauka, choo kinakuwa kigumu mpaka anajikamua mgongo. Sasa neno lenyewe ni la wapi? Mimi nimekulia Bagamoyo kabla ya kuhamia huku bara, na sijawahi kumsikia mzee wa Pwani akilitamka. Kiswahili hakina kitenzi cha kulizaa.

Msimamo wangu: ni "nagana", jina la ugonjwa wa ng'ombe la Afrika Kusini. Lililetwa na madaktari wa mifugo wa kikoloni, wachungaji wakalipinda kwa ulimi wao. Mwenye kupinga aje na hoja, matusi abaki nayo.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimekaa. Karanga zipo.

#3 OleSimanjiro
Mkuu umepotea njia mapema sana. Kimaasai tunasema *oltikana*. Huo ndio ugonjwa wa ndama, wa kupe, wa tezi. Babu yangu hakuwahi kumwona daktari yeyote aliyetoka Zululand huko Afrika Kusini, lakini oltikana aliijua kwa kumpapasa ndama chini ya sikio na mbele ya bega. Ondoa ile *ol-* ya mbele, bakiza *tikana*, mpe Mswahili alitamke mnadani: ndigana. Uzi umeisha.

#4 Mlinzi_wa_Zizi
Haujaisha. Tikana ina T na K. Ndigana ina ND na G. Hizo herufi zilibadilika zenyewe njiani kuelekea mnadani?

#5 Daktari_wa_Boma
Mimi ni daktari wa mifugo, lugha siyo fani yangu. Ila upande wa ugonjwa tuuweke sawa kwanza, maana mleta uzi ameunganisha vitu visivyokaa pamoja.

Nagana huletwa na mbung'o. Kimelea chake ni tripanosoma, huogelea kwenye damu nje ya chembe. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipelekwa Zululand mwaka 1894, akafanya kazi Ubombo pamoja na mke wake Mary, na ndiye aliyekikuta kimelea hicho kwenye damu ya ng'ombe waliokuwa wanakondeana. Jina nagana alilichukua kwa Wazulu wenyewe, na kimelea kikaja kupewa jina lake: *Trypanosoma brucei*.

Ndigana kali ni kitu kingine. Hiyo ni *Theileria parva*, inaletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Haianzii kwenye chembe nyekundu. Inaingia kwenye chembe nyeupe, inazilazimisha zigawanyike hovyo, ndiyo maana tezi zinavimba namna ile. Baadaye ndiyo inahamia chembe nyekundu. Mapafu yanajaa maji, ndiyo hilo povu.

Ndigana baridi nayo ni ya tatu: anaplasma. Zamani ilihesabiwa pamoja na vimelea vya damu, leo inajulikana ni bakteria anayekaa ndani ya chembe nyekundu. Arnold Theiler, daktari wa mifugo, ndiye aliyeieleza mwaka 1910 kule Afrika Kusini.

Kwa hiyo kama neno lililetwa na madaktari, ni ajabu wachukue jina la ugonjwa wa mbung'o wanaoufahamu vizuri, walibandike kwenye ugonjwa wa kupe. Na ofisini kwetu hadi leo tunaandika nagana kwa nagana na ndigana kwa ndigana. Yote mawili yapo hai.

#6 Mlinzi_wa_Zizi
Daktari asante kwa shule. Lakini wewe unatazama kwa hadubini. Mchungaji wa mwaka 1920 alikuwa anaona ng'ombe ana homa, hali, anakonda, anakufa. Daktari anasema "nagana", mkalimani anasema kitu kingine, karani anaandika cha tatu. Majina yanahama. Nyie wenyewe mmesema ndigana moja inabeba magonjwa mawili yasiyo na undugu. Kama lilihama mara moja, lingeshindwaje kuhama mara mbili?

#7 Siti_ya_Mbele
Hapo kwenye "mara moja, mara mbili" pana hoja. Endeleeni.

#8 Kinangop_Maziwa
Hamjambo watu wa Bongo. Mimi niko Nyandarua, nafuga ng'ombe wa gredi. Nyinyi mnachanganya dunia. Huku kwetu ndigana ni moja tu, na ni hiyo mnayoiita baridi. Hiyo nyingine tunaiita Isti Kosti, hata nyanya yangu asiyejua Kizungu anaiita Isti Kosti. Nilipata tabu nayo. Binamu yangu ameolewa Arusha, akanipigia ng'ombe wake anaumwa, anasema ni ndigana. Mimi nikamwambia kwa moyo mkunjufu amchome oksitetrasaiklini na apunguziwe chakula cha kukausha tumbo. Kumbe ng'ombe ana ile kali, anataka dawa nyingine kabisa. Bahati bwana mifugo alipita siku hiyo hiyo.

Sasa kuhusu asili: hilo ni neno letu. Kikuyu *tiga* ni kuacha, *tigana* ni kuachana. Weka *n* mbele inakuwa *ndigana*. Ng'ombe anaachana na nyasi, anaachana na maziwa, mwisho anaachana na wewe.

#9 Mtani_wa_Ngara
Wakenya wameanza. Mlima ulikuwa wao, sasa na ndigana ni yao.

#10 Kinangop_Maziwa
Mlima chukueni. Ndigana pia mngechukua mwende nayo tungefurahi.

#11 Mwanaisimu_Mstaafu
Nimefundisha lugha miaka mingi, nilikuwa nimeapa kutochangia nyuzi za "neno hili limetoka wapi" kwa sababu huwa zinaishia Misri ya kale. Hii ya leo ina nyama.

Swali la mleta uzi kwenye #4 ndilo swali zuri kuliko yote humu: T na K zimekuwaje ND na G? Tulichukue kwa hatua.

Kwenye Kiswahili, *n* ikikutana na *t* haizai *nd*. Tunasema chai tamu, hatusemi chai ndamu. *Nd* yetu inatoka kwenye *l* na *r*: -refu, ndefu. Kwa hiyo Mswahili akipewa "tikana" na kuiweka kwenye ngeli ya N, angetamka tikana tu. Asingefika ndigana peke yake.

Kikuyu ni tofauti. Kwao *n* ikikutana na *t* inatoa *nd*, ikikutana na *k* inatoa *ng*. Kukata ni *tema*, nimekata ni *ndemete*. Kulala ni *koma*, nimelala ni *ngomete*. Kwa hiyo mtu wa Kinangop kwa upande wa sauti yuko salama. Lakini kwa upande wa sarufi nina shaka naye. Jina linaloundwa kutoka kitenzi kwa namna hiyo, Kikuyu mara nyingi hulimalizia kwa *-o*: kushirikiana ni *gwatanĩra*, ushirika ni *ngwatanĩro*. Basi "ugonjwa wa kuachana" ungetarajiwa uwe *ndigano*. Hiyo *-a* ya mwisho inaniambia kwamba maana ya kuachana ilikuja baadaye, watu walipolisikia neno geni wakalitafutia ndugu kwenye lugha yao. Hilo hutokea kila siku.

Kwa hiyo njia moja inayowezekana: neno ni la Kimaa (lugha ya Wamaasai na Wasamburu), likapita Kikuyu, huko ndiko lilikobadilishwa sauti, kisha likaingia Kiswahili cha mashambani.

#12 OleSimanjiro
Mwalimu nakuheshimu ila hatuhitaji kupita Nyandarua kufika Arusha. Sisi wenyewe ukiweka *n* mbele ya *t* inasikika *d*. Tunaandika *enkang*, tunatamka engang. Msichana ni *entito*, tunatamka endito. Mbona mjini mnasema "ndito" kila siku mkiwaita mabinti? Hiyo mmeitoa wapi? Na *k* ikikaa katikati ya irabu sisi tunailegeza, haikazwi kama ya Kiswahili. Ukimsikia mzee akisema oltikana haraka, utaandika "oltigana".

#13 Mwanaisimu_Mstaafu
Mfano wa ndito ni mzuri sana, ninaukubali kwa mikono miwili. Ila angalia: entito ina *en-*, ya kike, na ndiyo iliyoleta *n*. Oltikana ina *ol-*, ya kiume. *L* mbele ya *t* haileti *nd*. Ili upate ndigana kwa njia ya ndito unahitaji *entikana*. Je, mnaisema?

#14 OleSimanjiro
Ukitaka kuidharau au kuifanya ndogo unaweza kuigeuza ya kike. Lakini kwa ugonjwa huu sijasikia watu wakiidharau. Umeua ndama wengi mno.

#15 Mlinzi_wa_Zizi
Kwa hiyo Kimaasai kina kiungo kilichokosekana, Kikuyu kina mkia usiofaa, na nagana yangu inahitaji sauti moja tu kuongezwa katikati. Naona bado nipo kwenye mashindano.

#16 Mwanaisimu_Mstaafu
Nagana yako inahitaji *na* igeuke *ndi*. Hiyo siyo sauti moja, hiyo ni ajali ya barabarani.

#17 Lchekuti_Maralal
Naongezea kutoka upande wa Samburu. Sisi tunasema *ltikana*, na hatusemi kwa ng'ombe tu. Mama yangu mtu akitetemeka kwa homa, anaumwa kichwa, viungo vinamchoma, anasema ana ltikana. Daktari wa hospitali akimpima anamwambia malaria. Kwa hiyo msikimbilie kusema ni jina la ugonjwa wa kupe. Kwa wazee wetu naona lilikuwa jina la homa inayoshika mwili, ng'ombe au mtu, na madaktari ndio waliolifungia kwenye zizi.

#18 Daktari_wa_Boma
Hii ya Maralal inanivutia kuliko zote. Ukichukulia kwamba maana ya mwanzo ni "homa" tu, basi inaeleweka kwa nini Kenya limekwenda kwenye anaplasma, Tanzania likagawanywa kali na baridi, na Samburu likabaki hata kwa binadamu. Kila mahali watu walilikata kwa kipimo chao. Na malaria yenyewe ni kimelea cha damu, kwa hiyo bila hadubini wazee walikuwa hawako mbali.

#19 Binti_wa_Chumbageni
Samahani kwa kuingilia. Mimi wa Tanga mjini, sina ng'ombe hata mmoja. Nimesoma mpaka hapa nina swali moja: hiyo Isti Kosti maana yake si Pwani ya Mashariki? Yaani sisi? Huku ng'ombe wachache kuliko pikipiki. Tumesingiziwa nini tena?

#20 Daktari_wa_Boma
Dada hapo pana mkasa wenyewe, na pwani yetu imo.

Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe kuanzia huku mpaka kusini mwa bara. Wamaasai wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Emutai. Baadaye ikaja vita ya Makaburu, ng'ombe wakazidi kwisha. Rhodesia (leo Zimbabwe) ikataka ng'ombe wapya, wakaagizwa kwa meli kupitia bandari ya Beira. Wengine walitoka Australia, hao wakafa karibu wote baada ya kufika Umtali (leo Mutare). Wengine walitoka pwani hii yetu, enzi ya Mjerumani. Hao wa kwetu walikuwa wamezoea, walionekana wazima, lakini walibeba kimelea na kupe. Kufikia 1902 ugonjwa mpya ukawa unaua kila kundi huko. Kwanza wakauita mkojo mwekundu wa Rhodesia, wakidhani ni babesia, kimelea kingine cha damu kinacholetwa na kupe.

Mwaka 1903 wakamwita Robert Koch, mtaalamu wa vijidudu wa Kijerumani, akakaa Bulawayo. Yeye alishawahi kuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akaona vidudu vidogo kwenye damu ya ng'ombe wa pale, lakini wakati ule akavihesabu ni sehemu ya ugonjwa mwingine. Safari hii akasema huu ni ugonjwa wake peke yake, akauita homa ya pwani ya Afrika, kwa sababu ng'ombe wa pwani ndio walionekana kuuzoea. Jina likageuka kidogo likawa homa ya Pwani ya Mashariki. Na kimelea kikapewa jina la Theiler mwaka 1907. Afrika Kusini walipambana nao kwa majosho na uzio hadi miaka ya 1950 ndipo wakaumaliza. Sisi tuliosingiziwa bado tunao.

#21 Binti_wa_Chumbageni
Kwa hiyo meli imeshusha ng'ombe, ng'ombe wameshusha kupe, na jina tukapewa sisi tuliobaki gatini. Sawa.

#22 Mtani_wa_Ngara
Huyo Theiler mtoto wake Max ndiye aliyepata Nobel ya chanjo ya homa ya manjano mwaka 1951. Baba wadudu wa ng'ombe, mwana wadudu wa watu. Nimeleta tu, isipotee.

#23 Mzee_wa_Josho
Wanangu shikamooni mlio wakubwa kuliko mimi, ambao nadhani hamko. Nimeendesha josho la kijiji tangu ujana mpaka lilipokauka. Ninyi mnagombania "ndigana" na kusahau "baridi". Niambieni, kwa nini baridi? Ng'ombe mwenye ndigana baridi mpime, ana joto. Mimi mwenyewe nimeshika kipimo, kinapanda. Baridi iko wapi?

#24 OleSimanjiro
Marahaba mzee haiwezekani, shikamoo wewe. Baridi ni kwenye masikio na pembe. Ukimshika unakuta ubaridi wakati ndani anawaka. Ndivyo tulivyoonyeshwa.

#25 Daktari_wa_Boma
Shikamoo mzee wangu. Mimi nimelielewa hivi: kali ni ya haraka, baridi ni ya polepole. Kali ndama anaanguka ndani ya wiki mbili au tatu. Baridi ng'ombe mzima anadhoofu mpaka mwenyewe unaanza kudhani ni uzee. Na angalia umri: ndama mdogo mara nyingi anahimili anaplasma, mkubwa ndiye inamwangusha. Kali ni kinyume, huku kwetu inachagua ndama wa kienyeji, ingawa ng'ombe wa kisasa inamuua kwa umri wowote.

#26 Ngosha_Mzizi
Wote mmekosa. Baridi ni majira. Inawakuta wakati wa baridi, majani yamekauka, ng'ombe hawana nguvu. Kwetu Usukumani hatuhitaji daktari kujua hilo.

#27 Mzee_wa_Josho
Ngosha, kwangu mimi nimeiona masika, kupe wa bluu wakiwa wamejaa tumboni mwa ng'ombe. Daktari wangu wa zamani, Mungu amrehemu, yeye alituambia baridi ni kwa sababu ukimpasua unakuta nyongo imejaa, nzito, imeganda. Kitu kilichoganda ni baridi. Basi mna nne sasa, chagueni.

#28 Siti_ya_Mbele
Tulikuja kutafuta asili ya neno moja, sasa tuna mawili.

#29 Mama_Kihongwe
Mimi natoka Urambo, Tabora. Mnavyosema nagana na mbung'o mnanikumbusha malale. Huko kwetu watu walihamishwa vijiji kwa ajili ya malale wakati wa Mwingereza, babu alikuwa anasimulia walivyofyekeshwa pori. Malale naona haina ubishi, ni kulala. Mgonjwa analala mchana, usiku yuko macho. Au nalo lina Wamaasai wake?

#30 Mtani_wa_Ngara
Malale ni letu la Kiswahili, halina wa kuligombea. Ila ule mlipuko mkubwa wa Uganda ulioanza kama 1900, Basoga waliuita *mongota*, wakitazama mgonjwa anavyosinzia kichwa kikishuka. Madaktari kina Cook wa hospitali ya Mengo ndio waliowatambua wagonjwa wa kwanza mwaka 1901, na huyo huyo Bruce wa nagana akapelekwa Entebbe 1903. Pale ikaonekana kwamba ng'ombe wa Zululand na mvuvi wa Ziwa Viktoria wanaumwa vimelea vya ukoo mmoja.

#31 Ngosha_Mzizi
Na mbung'o wengine huku bara tunamwita ndorobo. Na kuna kabila tunaloliita Wandorobo, watu wa porini, wawindaji, walaji wa asali. Nimekuwa najiuliza nani alimpa mwenzake jina: nzi au watu?

#32 OleSimanjiro
*Iltorrobo* kwetu ni watu wasio na ng'ombe. Hilo jina wenyewe hawalipendi, lina dharau, tuliweke chini taratibu. Wapo wanaosema ni kwa sababu wanaishi kwenye pori la nzi, ambapo ng'ombe hakai, hivyo asiye na ng'ombe na nzi anayemaliza ng'ombe wakaitwa jina linalofanana. Wapo wanaosema la, limetokana na ufupi wa kimo. Mimi nasema ni umaskini, maana kwetu kukosa ng'ombe ndio umaskini wenyewe.

#33 Mwanaisimu_Mstaafu
Hapo nilitarajia tufike. Misri ya kale bado mbali kidogo.

#34 Binti_wa_Chumbageni
Kwa vile mnataja malaria: sisi hapa tuna yetu, nimesimuliwa na baba. Koch huyo huyo wa Bulawayo alipokuwa kwa Mjerumani alipanda Usambara. Akakuta Washambaa wa milimani wanasema wakishuka bondeni wanaumwa na mbu, wakirudi wanashikwa na homa, na homa yenyewe wanaiita mbu. Mdudu mbu, ugonjwa mbu. Hiyo ni wakati ule ule ambapo Ross, daktari Mwingereza, alikuwa anachambua mbu wake India, Agosti 1897. Na Waitaliano walikuwa wameshatuachia neno *mal'aria*, yaani hewa mbaya. Washambaa walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko hewa.

#35 Mlinzi_wa_Zizi
Na Burton, msafiri wa Kiingereza, alipita Usomalini katika miaka ya 1850 akaambiwa na wenyeji mbu analeta homa. Akaandika kwamba ni ushirikina, eti ni kwa sababu mbu na homa huja msimu mmoja. Alikuwa na jibu mkononi akalitupa.

#36 Siti_ya_Mbele
Mimi nilidhani malaria ni "malaria" kwa sababu mtoto akipewa klorokwini alikuwa analia.

#37 Mama_Kihongwe
Klorokwini na ule muwasho! Watoto wa dawa mseto hamjui mateso. Ulikuwa unajikuna mpaka unasahau homa.

#38 Daktari_wa_Boma
Turudi zizini kidogo kabla hatujafika Misri. Kuna ushahidi mmoja sijaona mtu akiutaja. Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, kwa vimelea hai vyenyewe: unamchoma ng'ombe kimelea upande mmoja, na oksitetrasaiklini ya kudumu upande wa pili, anaumwa kidogo, anapona, hashikwi tena. Inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, ikiyeyushwa lazima itumike ndani ya saa chache, kwa hiyo watu wanakusanya ng'ombe wa majirani. Wateja wakubwa wa mwanzo huku kwetu walikuwa wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini. Ng'ombe aliyechanjwa anavalishwa hereni, na mnadani hereni hiyo inaongeza bei.

Sasa, kote nilikochanja, mabomani watu wanasema oltikana wakizungumza wao kwa wao, na wanasema ndigana wakizungumza na mimi. Hawasemi ndigana wao kwa wao hata mara moja. Kama ndigana lingekuwa limetoka moja kwa moja kwenye mdomo wao, mngetarajia mipaka iwe mikali namna hiyo?

#39 OleSimanjiro
Ndiyo. Nami mjini nasema ndito, bomani nasema entito. Nikisema ndito mbele ya mama yangu atanicheka. Neno likishavaa suruali tunaliacha lipite.

#40 Mwanaisimu_Mstaafu
Jibu zuri, na bado halituambii nani aliyelivalisha suruali. Ninavyoona mimi, aliyelivalisha ni msemaji wa lugha ya Kibantu yenye kanuni ya *nt* kuwa *nd*, aliyefanya kazi na ng'ombe wa Wamaasai au wa mzungu. Kikuyu anafaa. Mkamba naye tumsikie.

#41 Mutua_wa_Machakos
Nimesikia nimeitwa. Sisi tunasema ndigana pia, na hatukuipata kwa Wakikuyu, tulikuwa na ng'ombe wetu na tukiwaibia Wamaasai, wakituibia. Ng'ombe akiibiwa anakuja na ugonjwa wake, na ugonjwa unakuja na jina lake.

#42 Kinangop_Maziwa
Mutua ukweli umeusema, lakini kila mtu akisema ameiba, mwenye mali atakuwa nani?

#43 OleSimanjiro
Nimekuwa nikisema tangu #3.

#44 Mlinzi_wa_Zizi
Nagana haijafa. Nasubiri mtu aniletee karatasi ya zamani ya idara ya mifugo yenye neno ndigana, tuone limeandikwa kwa ugonjwa upi. Kama limeandikwa kwa ng'ombe wa mbung'o, nyote mtaninunulia soda.

#45 Mwanaisimu_Mstaafu
Na kama limeandikwa kwa kupe?

#46 Mlinzi_wa_Zizi
Nitasema karani alikosea.

#47 Mfugaji_Mpya_Kajiado
Wakubwa samahani kuingia katikati, sijasoma yote. Nina ndama wa gredi miezi minne. Tangu jana hali, tezi chini ya masikio zimevimba kama mayai, leo asubuhi anapumua kwa shida na kuna povu puani. Hii ni ndigana gani?

#48 Daktari_wa_Boma
Hiyo ni kali, na imeshafika mapafuni. Weka simu chini, mpigie daktari wa mifugo aliye karibu nawe sasa hivi. Usianze kumchoma mwenyewe kwa kubahatisha. Inatibika, lakini saa zinahesabika.

#49 Mfugaji_Mpya_Kajiado
Asante daktari. Simu yake imezima, namtuma kijana dukani kwanza. Aseme anataka dawa ya ndigana?

#50 Kinangop_Maziwa
HAPANA! Uko Kenya. Aseme Isti Kosti. Akisema ndigana watampa dawa ya ile nyingine.

#51 OleSimanjiro
Uko Kajiado. Aseme oltikana, muuzaji ataelewa. Na daktari endelea kumpigia.